Mwongozo wa Kumkosa Mwanao kwa Kamera

Mwongozo huu ni wa mzazi wa Dar es Salaam mwenye mtoto katika timu ya chini ya miaka 13, mwenye kamera ambayo mkopo wake haujaisha, na aliyetumiwa ujumbe na mwalimu wa timu kwamba Jumamosi mechi ipo, mvua inyeshe isinyeshe. Wazazi wa Moshi, Tanga na Unguja wanaweza kuutumia vilevile. Wabadilishe rangi ya tope tu.

Anza na kalenda. Mvua za masika ni Machi hadi Mei, na Aprili ndio mwezi unaomwaga maji kuliko yote. Ndio pia mwezi ambao watu wa mpira wa watoto wanaupenda: Pasaka mara nyingi huangukia humo, shule hupumzika kidogo, na viwanja viko wazi kwa sababu hakuna mtu mzima mwenye akili zake anayevitaka. Ukiikosa masika, usikate tamaa. Vuli ipo, Oktoba hadi Desemba.

Utabiri usome, ila usome kwa makini. Mamlaka ya Hali ya Hewa itasema kutakuwa na vipindi vya mvua na ngurumo katika maeneo machache. Mzazi mgeni hufarijika akiona hayo maeneo ni machache. Mzazi mzoefu anajua kwamba katika jiji hili lote, maeneo machache ni lile goli la upande wa mfereji, na kwamba vipindi vitaanza refa akishapuliza filimbi. Kabla ya hapo, wakati watoto wanapasha misuli na wewe bado unatafuta pa kuegesha gari, jua litawaka vizuri kabisa.

Safari yenyewe sitaieleza sana. Kama kwenu ni upande mmoja wa Jangwani na uwanja uko upande wa pili, unajua mwenyewe Barabara ya Morogoro inavyofungwa Mto Msimbazi ukijaa. Ondoka mapema. Ratiba imesema saa tisa alasiri, maana yake saa kumi na nusu, maana yake utafika wa kwanza, utasubiri, utachoka, na mwanga ule mzuri wa saa tisa utakuwa umekupita ukiwa ndani ya bajaji.

Sasa kamera. Hapa kuna watu watakwambia kwamba kamera nzuri zina ulinzi dhidi ya maji. Ni kweli, zipo, na watengenezaji wake wanatumia maneno ya uangalifu sana: inahimili unyevu, inahimili matone. Ukiipeleka kutengenezwa na maji ndani, utagundua kwamba mvua ya Aprili ya Mbagala hawakuihesabu kuwa unyevu. Kwa hiyo lazima uifunike.

Zamani jibu lilikuwa mfuko wa rambo. Unatoboa tundu upande mmoja, unapitisha lenzi, unafunga kwa rababendi, kazi imekwisha. Lakini tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania Bara, na Wazanzibari walikuwa wametutangulia miaka mingi. Mimi naunga mkono marufuku hiyo kwa moyo wote, hasa nikikumbuka mitaro ilivyokuwa imeziba. Nasema tu kwamba mfuko mbadala tunaopewa dukani hupitisha maji kwa uadilifu wa hali ya juu. Ndiyo maana mpiga picha wa kisasa anatembea na mfuko wa mkate, kwa kuwa vifungashio vya bidhaa havikuguswa na katazo lile. Nunua mkate mkubwa, ule mrefu wa slesi, ule wewe na familia Ijumaa usiku. Kung'uta makombo vizuri. Usipokung'uta, sisimizi wataingia kwenye kamera, na sisimizi wa Dar hawajali kama kamera inahimili unyevu.

Wenye uwezo zaidi hutumia kofia ya kuogea ya hotelini. Haiuzwi kila mahali, lakini kila ukoo una shemeji anayekwenda semina Dodoma, na kila shemeji anayekwenda semina hurudi na kofia ya kuogea, sabuni ndogo na kalamu. Kofia hiyo ina lastiki, inakaa juu ya kamera vizuri, na ukiivua unaweza kuivaa mwenyewe. Juu ya yote hayo, usiache kuvalisha lenzi kofia yake, lile bomba fupi la plastiki ambalo watu wengi hulitupa kabatini siku waliyonunua. Limetengenezwa kuzuia jua lisiingie kwa pembeni, lakini hakuna kitu cha bei rahisi kinachozuia matone yasipige kioo kama hicho.

Cha kufutia kioo, chukua kipande cha kanga kuukuu. Kanga mpya ina wanga na haifyonzi maji, inayasambaza tu. Kanga iliyofuliwa miaka mingi, laini, iliyopauka, hiyo ndiyo yenyewe. Bahati mbaya ndiyo pia anayoipenda mama mwenye nyumba kuliko zote. Omba ruhusa kabla, maana kuna mambo ambayo kamera nzuri haiwezi kuyarekebisha.

Kama mvua ni kubwa utahitaji mwavuli na mtu wa kuushika. Kazi hiyo kwa desturi hupewa mdogo wake mchezaji. Mpe mwavuli ule mkubwa uliobaki tangu kampeni za uchaguzi uliopita. Atakufunika vizuri kwa dakika mbili. Kisha mpira utakwenda upande wa pili, mtoto ataufuata kwa macho, kisha kwa shingo, kisha kwa miguu, na mwavuli utaondoka naye.

Tuje kwenye mwanga, maana hapa ndipo fedha zako zilipozama. Siku ya jua kali, kupiga picha mpira ni kazi rahisi kiasi cha kuchosha. Unaweka spidi ya shata 1/1000 ya sekunde, ISO 200, tundu la lenzi f/5.6, na kila kitu kinaganda angani: mpira, mguu, jasho. Mawingu ya masika yakifunga, mwanga unaweza kushuka hadi sehemu ya kumi na sita ya ule wa juani. Lenzi uliyopewa pamoja na kamera ukiivuta hadi mwisho haifunguki zaidi ya f/5.6, kwa hiyo njia iliyobaki ni kupandisha ISO hadi 3200, na kabla ya mapumziko 6400. Picha itajaa chenga, na hata moja haikupigwa na mwanao.

Ipo lenzi inayofunguka f/2.8 na inayokaribisha mambo ya mbali. Bei yake inakaribia bodaboda mbili. Nakushauri usiinunue, na najua utainunua, kwa sababu baba wa golikipa anayo.

Kupunguza spidi je? Jaribu, kwa elimu tu. Tone la mvua la wastani hushuka kwa mita 6 hivi kwa sekunde. Ukipiga kwa 1/60 ya sekunde, kila tone linachora mstari wa sentimita 10, na mvua inaonekana kuwa mvua kwelikweli, ya kutisha. Mtoto naye atachora mstari. Utapata picha yenye mvua nzuri na kivuli cha rangi ya kahawia kinachokimbilia kona. Ukimwonyesha bibi yake atauliza huyo ni mbuzi wa nani. Ukipandisha hadi 1/1000, mtoto anaganda vizuri lakini matone nayo yanakuwa vijidoa, na watu watasema mbona mvua yenyewe haikuwa kubwa. Ukitaka vyote viwili, mtoto na mvua, usigombane na spidi, tafuta mgongo mweusi. Mvua haionekani mbele ya anga jeupe. Inaonekana mbele ya mwembe, ukuta uliolowa, au safu ya wazazi waliojifunika makoti meusi. Huu ni ushauri wa kweli, umeteleza tu ukaingia humu.

Flashi usiwashe. Matone yaliyo karibu nawe yatarudisha mwanga kabla haujamfikia mtoto, na picha yote itakuwa mipira myeupe inayoelea, kisha golikipa wa wapinzani atafungwa, na kocha wao atakuja kukuuliza umetumwa na nani.

Yote hayo ni maandalizi. Kazi yenyewe inaanza na swali moja: ukae wapi. Wazazi wengi hufuata mpira. Wanakimbia pembeni ya mstari pamoja na mshika kibendera, wanamkanyaga, wanaomba radhi, wanapiga picha ya mgongo wa mshika kibendera. Kwenye mvua usifuate mpira. Fuata dimbwi.

Tembea uwanja mzima kabla ya mechi na uchague. Dimbwi la katikati ya uwanja ni kubwa lakini ni la bure, watoto hulizunguka. Dimbwi la kwenye kona linafaa kwa picha za mtu mmoja anayepiga teke maji na mpira ukabaki palepale. Lililo bora ni lile lililo ndani ya eneo la hatari, kati ya nukta ya penalti na goli, pale golikipa wa kila timu iliyopita alipochimba kwa visigino msimu mzima. Mpira ukiingia humo husimama. Hakuna chenga, hakuna pasi, hakuna mbinu za mwalimu. Watoto tisa wanakutana hapo kwa wakati mmoja, kila mmoja ameinua mguu. Wewe umekwisha kufokasi palepale kwa mkono, umezima fokasi ya kujiendesha kwa sababu inapenda kushika tone lililo hatua mbili mbele ya pua yako, na unangoja. Mchezaji bora wa timu na yule ambaye huingizwa dakika tano za mwisho wanakuwa sawa kabisa humo. Nimeona mabao ya dimbwi yakifungwa kwa goti, kwa kisogo, na mara moja kwa kiatu ambacho mwenyewe hakuwa amekivaa.

Ukidharau dimbwi, kumbuka kwamba moja ya picha za mpira zilizopata kusifiwa kuliko zote ni ya dimbwi. Agosti 1956, Tom Finney wa Preston North End alikuwa akicheza na Chelsea kwenye uwanja wa Stamford Bridge, London, uwanja umelowa vibaya. Alipita majini akiwania mpira, maji yakaruka kwa wima kumzunguka, na picha hiyo ikachaguliwa kuwa picha bora ya michezo ya mwaka. Mwaka 2004 wakamtengenezea sanamu nje ya uwanja wa Deepdale huko Preston, yeye na maji yake. Angalia sasa: Finney alifunga mabao mengi kwenye majani makavu, na kilichochongwa ni dimbwi. Mpiga picha wa wakati ule hakuwa na kamera ya kufyatua fremu ishirini kwa sekunde. Wewe unayo, na utatumia fremu zote ishirini kupiga sekunde iliyotangulia.

Wala usione haya kwamba timu ya mwanao inacheza majini. Yanga, klabu ya tangu 1935, ina uwanja wake wa Kaunda pale Jangwani, na bonde la Msimbazi limekwisha kuufanya bwawa mara nyingi. Aina ya udongo ndiyo ya kuulizia. Kwenye mchanga, kama viwanja vingi vilivyo karibu na bahari, maji hunywewa haraka na hadi dakika ya ishirini dimbwi lako limekwenda. Udongo wa mfinyanzi ndio wenye ushirikiano: unashika maji, unashika njumu, wakati mwingine unashika mtoto mzima. Viwanja vya nyasi bandia viepuke. Ni vizuri kwa magoti ya watoto na havina faida yoyote kwa sanaa.

Adabu ya uwanjani nayo ina gharama zake. Wewe ni mtu mzima, umesimama karibu na mstari, na watoto hawa wamelelewa. Beki wa kushoto, mwana wa jirani yako, atakuona akiwa katikati ya kazi. Atasema, "Shikamoo, baba!" huku anakimbizana na winga. Huwezi kukaa kimya, utasemwa mtaa mzima. Unatoa jicho kwenye kamera, unajibu, "Marahaba, hujambo?" Yeye kwa kuwa ana adabu anageuka kujibu kwamba hajambo. Winga anapita. Bao linafungwa mita nne kutoka ulipo, na katika kamera yako kuna picha moja kali sana, isiyo na chenga hata kidogo, ya kijana mstaarabu anayetabasamu akiangalia upande usio wa mpira.

Sasa nikwambie tatizo ambalo hakuna lenzi inayolitibu. Kufika dakika ya kumi na tano, jezi zote ni rangi moja. Timu ya njano na timu ya bluu zimeungana kuwa timu ya udongo. Namba mgongoni imekwenda, kimo ni kilekile, nywele zote zimelowa, na marefa wenyewe wanaanza kutoa faulo kwa kukisia. Unaanza kupiga picha za mtoto mmoja kwa bidii, anakimbia vizuri, ana ari, unajisemea damu haipotei, mpaka mapumziko unapogundua kwamba uliyempiga ni namba nane wa wapinzani. Mama yake yuko hatua chache kutoka ulipo na amekuwa akikutazama kwa muda.

Wazazi wamejaribu mengi. Wapo wanaofunga kamba za viatu za rangi ya machungwa. Tope linakula kamba kwanza. Wapo wanaomwagiza mtoto anyanyue mkono kila baada ya muda. Refa anadhani anaomba kutoka. Kuna mama mmoja alimwita mwanawe kwa jina la nyumbani, lile la utotoni, kwa sauti ya kuvuka uwanja, na mtoto akatambulika mara moja, na wenzake wanamwita hivyo hadi leo. Mimi nilichokiona ni kwamba mzazi mwenye kamera huwa hatazami mechi. Siku ya jua anamtazama mtu mmoja mwenye namba kumi na moja, hata mpira ukiwa upande wa pili, hata mwenzake akifunga bao la kusimulia wajukuu. Mvua ikifuta namba, hana budi kupiga chochote kinachotokea. Watoto wa wenzie wanaingia kwenye kadi yake mmoja mmoja. Ukimuuliza jioni matokeo, siku ya mvua anayajua.

Mapumziko, kimbilia turubai la mama lishe. Kuna utaratibu wake: huwezi kujibanza chini ya turubai bila kununua, kwa hiyo agiza chai ya tangawizi na mihogo, na usiweke kamera mezani, kwa sababu turubai hukusanya maji katikati, na kila baada ya muda mama huyasukuma kwa mwiko kutoka chini. Upande yatakakomwagikia huamuliwa na Mungu. Hapo chini ya turubai utasikia maoni yote muhimu: kwamba mwalimu hajui kupanga timu, kwamba watoto watapata nimonia, kwamba zamani sisi tulicheza chandimu mvuani peku na hatukuugua, na kwamba aliyesema hivyo aliugua, dada yake yupo hapa ni shahidi.

Radi ikianza, kejeli isubiri kidogo. Ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi ngurumo isikike. Sauti huchukua sekunde tatu hivi kwa kila kilomita. Ikiwa chini ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita kumi na inatosha kukufikia. Watoto waondoke uwanjani waingie kwenye jengo au gari lililofungwa vioo, na wasirudi hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Mwembe si jengo. Turubai si jengo. Stendi ya kamera ya chuma uliyoisimamisha mwenyewe peke yake kwenye uwanda ulio wazi, kwa heshima zote, iache hapo. Refa ana mamlaka ya kusimamisha mechi kwa Sheria ya 5 ya mpira wa miguu, lakini refa wa watoto mara nyingi ni kijana wa mtaani aliyeahidiwa nauli mechi ikiisha, kwa hiyo msaidieni wazazi kuamua, na nauli mpeni.

Kipindi cha pili hakina mafunzo mapya, isipokuwa kwa waliokuja na gari. Uliingia kwenye gari lenye kiyoyozi ukapumzika, kamera ikapoa. Ukitoka nayo kwenye joto lenye unyevu la Aprili, kioo kitaota ukungu hapohapo, na kukifuta hakusaidii kwa sababu unarudi. Dawa ni kuacha kamera ndani ya begi kwenye buti na kuzima kiyoyozi mapema. Waliokuja na daladala hawana shida hii. Kamera yao imefika ikiwa na joto la abiria wote.

Filimbi ya mwisho ikipulizwa, mama watoto atataka picha moja. Si ya dimbwi. Anataka mtoto amesimama wima, uso msafi, mikono pembeni, akitabasamu, ikiwezekana na cheti. Usibishane. Mpeleke kijana kwenye bomba, msugue, mvalishe shati la mwenzake lililobaki kavu, mpige kwa simu. Hiyo ndiyo itakayokaa ukutani.

Nyumbani, kabla ya kula, shughulikia kamera. Wapo watakaokwambia uizike kwenye mchele. Mchele una vumbi na chembe zinazoingia kwenye matundu. Apple wenyewe waliwaonya wateja wao mwaka 2024 wasiweke simu zilizolowa kwenye mchele. Tena mchele una kazi yake, na kesho ni Jumapili. Toa betri na kadi, futa, acha ipigwe na feni. Baadaye iweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vipakiti vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya, vilivyoandikwa usile. Hapa Pwani unyevu wa hewa haushuki kwa urahisi, na lenzi ikiachwa ndani ya begi lililolowa huota kuvu ndani kwa ndani, nyuzi nyeupe nyembamba ambazo fundi atazitazama kwa muda mrefu kabla ya kutaja bei.

Kisha grupu la wazazi. Utakuwa na picha elfu moja na mia tatu. Wataanza kukuandikia kabla hujavua viatu: "Naomba ya wa kwangu." "Tuma zote tu tutachagua." "Mbona kaka wa watu umempiga mwanao peke yake?" Hili la mwisho litaandikwa na mtu ambaye mwanawe umempiga mara mia nne ukidhani ni wako. Zitume kama dokyumenti zisibanwe, chagua thelathini, na usiwaze ya nani ni ipi, wenyewe watajuana. Kuzipandisha mitandaoni kwa watu wote ni habari nyingine: hao ni watoto wa watu, na nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Uliza wazazi kwanza. Baba wa golikipa hatauliza, lakini wewe uliza.

Mwisho kabisa, mwonyeshe mwenyewe mwanao. Atapita haraka juu ya ile uliyoipenda, ile ya anga nzito na mpira unaoelea. Atacheka sana kwenye zile za wenzake wakianguka na atataka atumiwe hizo zote. Kisha atasimama kwenye picha ambayo ulikuwa karibu uifute: maji yameruka, miguu mitano au sita, uso haumo. "Huyu mimi," atasema. Utamuuliza amejuaje. Atakuonyesha mguu wa pembeni wenye soksi iliyoporomoka hadi kifundoni, ile ya kushoto iliyokufa lastiki tangu Februari, aliyokuomba umnunulie nyingine ukamwambia asubiri, kwa sababu mwezi ule fedha zilikuwa zinakwenda kwenye lenzi. Timu nzima inamjua kwa soksi hiyo. Jozi mpya bei yake haifiki ya kifuniko cha lenzi.